Nimepandikizwa mara mbili haijashika, sasa wananambia nilipie leza na gluu: jibu kwa mdogo wetu wa Wete

Waalaikumu salaam mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma wote mpaka mwisho, na vizuri umeandika kila kitu maana kitu kikubwa kuliko vyote umekiweka mstari wa mwisho kabisa kama hakina maana, ntakuja huko.

Kwa wenzetu wanaosoma, dada huyu yuko Wete, ana miaka 36, kafanya IVF (mayai kutolewa na kurutubishwa maabara) Dar. Mayai 7 yalirutubika. Mara ya kwanza wakamuwekea embrio (yai lilorutubika likaanza kukua) 2 mbichi za siku ya tatu, haikushika. Zilobaki zikakuzwa, 3 zikafika siku ya tano zikatiwa barafuni, moja akawekewa baadae, na hiyo nayo kipimo cha damu kikaja hasi. Zimebaki 2. Sasa klinik wamempa karatasi ya vitu vya "kusaidia embrio ishike": kutoboa ganda kwa leza, gluu ya embrio, kukwaruza ukuta wa kizazi, na kupima kromosomu (vibeba urithi vilivyomo ndani ya seli) za hizo 2, kila kimoja na bei yake pembeni. Mume kashauza kiwanja. Anauliza alipie kipi aache kipi. Alafu mwishoni akasema, "na picha ya mirija ya mwaka juzi waliniambia mrija wa kulia una maji lakini wakasema IVF haihitaji mirija kwaio haina shida."

Mdogo wangu, hapo ndo penye shida. Usiwekewe embrio ya tatu kabla huo mrija haujashughulikiwa, hata wakupe leza na gluu bure.

Ni kweli IVF haihitaji mirija, kwa maana mayai yanatolewa kwa sindano na mbegu zinakutanishwa nayo maabara. Lakini mrija ulioziba mwisho wake ukajaa maji (madaktari wanauita haidrosalpinksi) haukai kimya na maji yake, yanateremka kidogo kidogo kuingia kwenye kizazi, na yale maji si maji safi, yana masalia ya uvimbe wa zamani, yanaweza kuidhuru embrio na yanaufanya ukuta wa kizazi usiwe tayari, na pengine hata kuisukuma tu embrio isitulie pahala pake. Mwanamke mwenye mrija wa maji nafasi yake ya kushika mimba kwa IVF inashuka karibu nusu ukimlinganisha na mwenzake asokuwa nao. Nusu! Hakuna kitu chochote kwenye hiyo karatasi yao kinachoweza kukurejeshea nusu.

Na hili lishafanyiwa utafiti zamani. Ule wa nchi za Skandinavia uliotoka 1999 waliwagawa kwa kura wanawake wenye mirija ya maji, wengine wakatolewa mirija kwanza ndo wakafanya IVF, wengine wakafanya IVF moja kwa moja. Kwenye mzunguko wa kwanza waliotolewa mirija walizaa karibu 29 kati ya 100, wasotolewa 16. Na faida kubwa zaidi ilikuwa kwa wale ambao mrija ulikuwa mnene kiasi cha kuonekana kwa utrasaundi. Kwaio cha kwanza, nenda kafanyiwe utrasaundi ya njia ya uke na mtu anayejua kutizama mirija, umwambie kabisa "natafuta mrija wa kulia wenye maji". Ukionekana, jibu lishapatikana. Usipoonekana, chukua ile picha ya mirija ya mwaka juzi (inaitwa HSG), ile filamu yenyewe si karatasi ya maelezo tu, umpelekee daktari bingwa wa kinamama aitizame kwa macho yake.

Matibabu yake ni upasuaji wa matundu madogo, laparoskopi, ama unatolewa huo mrija ama unafungwa pale unapoungana na kizazi ili maji yasiteremke. Kama ndani kumegandana sana kwa makovu wanachagua kufunga. Kunyonya maji kwa sindano kunafanywa pia lakini mara nyingi yanajaa tena. Najua neno "kutolewa mrija" linauma, khasa kwa mtu ambae bado moyoni anasubiri siku moja apate mimba ya kawaida, lakini mrija uliofikia hapo haupitishi yai tena, na ule wa kushoto kama uko wazi unabaki. Baada ya hapo unasubiri mara nyingi mzunguko mmoja au miwili, daktari atakwambia.

Na skiza hili la kukutuliza: embrio zako 2 hazizeeki. Ziko kwenye nitrojeni ya maji maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, humo hakuna kinachotembea wala kinachooza, miezi sita au miaka miwili kwao ni sawa. Umri wa embrio ni umri uliokuwa nao siku mayai yalipotolewa. Kwaio hakuna haraka yoyote ya kuziweka mwezi ujao kisa tu wamekwambia kuna nafasi.

Wala usijilaumu kuhusu huo mrija na usimruhusu mtu akunyooshee kidole. Mirija inaziba kwa sababu nyingi, klamidia, ugonjwa wa zinaa ambao wengi wanao bila dalili yoyote, na ikiwa mke anayo inaweza kuwa imetoka kwa mume au kinyume chake miaka hiyo, inaziba kwa kisonono, kwa kidole tumbo kilichopasuka utotoni, kwa maambukizi baada ya mimba kutoka, kwa kifua kikuu kilichoingia mpaka kwenye kizazi. Ya nyuma yashapita.

Haya sasa nije kwenye karatasi yao maana hiyo ndo kazi yangu ya kila siku, mie nnakaa upande wa maabara, ule mlango ambao nyie hamruhusiwi kuingia.

Leza. Yai la binaadamu lina ganda jembamba la nje, zona pelusida, kama vile yai la kuku lilivyo na ganda lake, na embrio inakaa ndani ya hilo ganda siku zote za mwanzo. Siku ya tano au sita inajaa maji, inavimba, ganda linakuwa jembamba, mwisho linapasuka na embrio inatoka. Isipotoka haiwezi kugusa ukuta wa kizazi, haishiki. Ndo hapo 1990 Jacques Cohen na wenzake wakaandika kwamba pengine baadhi ya embrio za maabara zinashindwa kutoka, tuzisaidie kwa kufungua kidirisha. Zamani tulikuwa tunatumia tone la asidi au sindano ya kioo, siku hizi ni leza.

Nikuoneshe inavyokuwa. Embrio iko chini ya maikroskopi, unaiona kwenye kioo kama duara lenye ukingo mng'avu, ukingo huo ndo ganda. Unaizungusha taratibu kwa pipeti ya kioo nyembamba kama unywele mpaka upate pahala ambapo kati ya ganda na seli pana uwazi kidogo, hapo ndo unalenga, maana ukipiga penye seli umeichoma. Unabonyeza, mpigo mmoja wa leza ni sehemu ndogo sana ya sekunde, ganda linafanya kitundu. Mipigo michache tu, basi, inarudi kwenye inkubeta. Dakika moja kwa mtu aliyezoea. Ni kazi nzuri kuitizama na mie naipenda, lakini kupenda kwangu hakukuzalishii mtoto. Tafiti zikikusanywa pamoja hazioneshi kwamba wanawake wanaofanyiwa hivi wanazaa zaidi kuliko wasofanyiwa, na zinaonesha mapacha wanaongezeka. Uingereza muongozo wao wa kitaifa wa matibabu ya ugumba, NICE, unasema wazi kisifanywe. Wapo wataalamu wanaokitumia kwa embrio zilizotoka barafuni au ganda likionekana nene isivyo kawaida, na mie siwalaumu, maabara nyengine wanafanya kwa kila embrio ya barafu bila kuongeza bei. Ikiwa kwenu kimo ndani ya bei, sawa. Ikiwa ni cha kulipia pembeni, wewe usilipe.

Gluu. Hii ndo pekee kwenye karatasi yao ambayo ningekwambia ukibakiwa na pesa, chukua. Jina linadanganya watu, wanadhani inapakwa embrio inatiwa kizazini inanata. Si hivo. Ni yale yale maji ya kukuzia embrio lakini yameongezwa haialuronani kwa wingi, kitu ambacho mwili wako wenyewe unakitengeneza, kimo kwenye maji yanayozunguka yai na kimo kizazini. Embrio inawekwa humo muda kabla ya kupandikizwa, maabara nyengine dakika kumi, nyengine saa kadhaa, alafu inanyonywa pamoja na hayo maji inaingia kizazini. Yale maji ni mazito kidogo, yanafanana na maji ya kizazi, na embrio ina vipokezi vya kushikana na haialuronani na ukuta wa kizazi unavyo pia. Mapitio makubwa ya tafiti, ya Cochrane (wanaokusanya na kupima tafiti za tiba) ya 2020, yalikuta kwamba pengine inaongeza wanaozaa, kidogo lakini inaongeza. Pia yalikuta mapacha wanaongezeka, na hii pengine ni kwa sababu watu wanawekewa embrio mbili kwa mpigo.

Na hapa nakuomba kwa jina la Mungu, usikubali waweke zote 2 pamoja. Najua unachofikiria, "nikipata pacha nimemaliza kazi", na mavyaa wako atafurahi sana. Lakini mimba ya pacha inakuja na kuzaa kabla ya wakati, presha, kutoka damu nyingi, na watoto njiti wanataka mashine na wauguzi usiku na mchana, na wewe uko Pemba, ikianza uchungu wiki ya 28 usiku na bahari imechafuka utafika wapi kwa wakati. Moja moja. Ya kwanza isiposhika bado unayo ya pili, jumla ya nafasi yako haipungui.

Kukwaruza ukuta wa kizazi sitolizungumza sana. Wanaingiza mrija mwembamba wanakwaruza mwezi mmoja kabla, nadharia ilikuwa kwamba kidonda kidogo kinauamsha ukuta. Inauma. 2019 ukatoka utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka New Zealand, wanawake zaidi ya 1,300 wamegawanywa kwa kura, waliokwaruzwa walizaa asilimia 26.1, wasokwaruzwa asilimia 26.1. Namba ile ile. Kataa.

Kupima kromosomu. Hiki chenyewe kina maana yake, maana sababu kubwa ya embrio kutoshika ni embrio yenyewe kuwa na kromosomu pungufu au za ziada, na hilo linaendana na umri wa mama: kwenye miaka 36 zaidi ya theluthi ya embrio za siku ya tano zina kasoro hiyo, kwenye 42 ni karibu robo tatu. Lakini kupima hakuitengenezi embrio mbovu, kunakwambia tu uanze na ipi. Kwa mtu mwenye embrio 8 zitamfaa. Wewe unazo 2 na zishatiwa barafuni, kuzipima ina maana kuziyeyusha, kuzikata seli kadhaa za upande wa kondo la nyuma, kuzitia barafu mara ya pili, kuziyeyusha tena. Kila hatua ina hatari yake. Kwa pesa hiyo hiyo unalipia sehemu nzuri tu ya upasuaji wa mrija. Usipime.

Na hizo hizo takwimu zikusaidie kwenye jambo jengine. Umeandika "kizazi changu kinakataa". Hakuna anayeweza kusema hivo kwa mara mbili, tena mara ya kwanza zilikuwa za siku ya tatu ambazo nyingi zingesita zenyewe kabla ya kufika siku ya tano hata zingebaki kwetu maabara, na ya pili ilikuwa moja tu, na embrio moja nzuri kabisa kwenye kizazi kizuri kabisa nayo mara nyingi haishiki. Alafu mara zote mbili maji ya mrija yalikuwemo. Kizazi chako bado hakijapewa nafasi ya haki.

Tukishamaliza mrija, kuna mambo ambayo hayamo kwenye karatasi yao kwa sababu hayauziki kama "nyongeza", ila ndo yanayofanya kazi. Waombe ripoti ya embrio zako, ni haki yako. Utaona zimeandikwa namba na herufi mbili, mfano 4BB au 3AB. Namba 1 mpaka 6 ni kiasi gani imevimba na imefikia wapi kutoka kwenye ganda, herufi ya kwanza ni zile seli zitakazokuwa mtoto, ya pili ni zile zitakazokuwa kondo la nyuma, na hizi za pili ndo zinazoshika ukuta. Waulize pia embrio zao wakiziyeyusha ngapi zinakuwa hai, maabara nzuri inayotumia njia ya kugandisha kwa kasi inapata zaidi ya 90 kati ya 100. Jibu likiwa la kuzunguka zunguka, jua.

Kabla ya kuwekewa, waingize kamera kizazini au angalau utrasaundi yenye maji ili kuona kama kuna polipi (kinyama kilichoota) au fibroidi (uvimbe) iliyochungulia ndani. Wakikuganga laparoskopi wanaweza kuitizama hiyo siku hiyo hiyo, usingizi mmoja kazi mbili, uliza. Pima na homoni ya tezi ya shingo.

Projesteroni nayo, homoni inayoushika ukuta wa kizazi ubebe mimba. Kwenye mzunguko wa dawa, ambapo yai lako halikupevuka, mwili hautengenezi projesteroni yake, unategemea hivyo vidonge vya kuweka ukeni na sindano peke yake, ukiruka dozi unaweza kuiangusha mimba mwenyewe bila kujua. Omba wakupime kiwango kwenye damu karibu na siku ya kuwekewa, kikiwa chini wanakuongezea. Na soma kwenye boksi joto linaloruhusiwa, nyengine zinayeyuka kwa joto letu la Januari, usiziache kwenye mkoba juu ya boti, zibebe kwenye kijisanduku cha baridi. Na usipange mwezi wa Ramadhani. Masheikh wetu wa Kishafii wanasema dawa ya kuingizwa huko mchana inafunguza, muulize sheikh wako, ila ukiweza panga mwezi mwengine usije ukaanza kuruka dozi za mchana kwa khofu ya saumu.

Siku yenyewe utaambiwa ukae na mkojo ili kizazi kilale sawa kwenye utrasaundi. Sisi ndani tunasoma jina lako na la mume wako watu wawili, tunainyonya embrio kwenye tone dogo sana ndani ya kateta (mrija mwembamba) laini, hewa kidogo mbele na nyuma, daktari anaingiza, kwenye kioo utaona nukta nyeupe imemulika, ile ni hewa, embrio yenyewe haionekani. Kateta inarudi kwetu tunaitizama chini ya maikroskopi kuhakikisha haikubaki humo. Alafu nenda kakojoe, hautoki kitu. Kizazi si chumba kitupu kwamba itadondoka, kuta zake mbili zimegusana na embrio iko katikati.

Kwaio hilo la mavyaa la kulala siku 14 miguu juu, mwambie kwa adabu kwamba halisaidii, lishapimwa, na kulala sana kunaweza kukudhuru. Boti ya kutoka Dar haiiangushi, hata mkapigwa na kusi ukatapika njia nzima. Kitu kimoja tu nakukataza, kukandwa tumbo. Najua kwetu wapo bibi wenye mikono yao na wanawake wanawaamini, ila baada ya kutolewa mayai na baada ya kuwekewa embrio asikuguse mtu tumbo, wala usinywe mizizi ambayo hujui imetiwa nini.

Umeuliza na hukumu ya dini. Al-Azhar walishatoa fatwa tangu 1980 kwamba yai la mke na mbegu za mume wake, wakiwa ndani ya ndoa, inajuzu kama ni kwa ajili ya kutibu, na asiingie mtu wa tatu. Kuhusu zile za barafuni wanazuoni wana masharti yao, kubwa ni kwamba haziwekwi baada ya talaka au mume kufariki, na wapo wanaochukia hata kuzalisha za ziada. Wewe una 2 na mume wako yupo hai mashallah, lakini nendeni pamoja Ofisi ya Mufti muulize mkiwa na ripoti mkononi, watakujibuni vizuri kuliko mie.

Cha kufanya wiki hii: piga simu klinik waambie unaahirisha, wasikuanzishie vidonge vya kuandaa kizazi. Waombe ripoti ya embrio na nakala ya faili lote. Lipia ada ya kuhifadhi barafuni isije ikapitwa na wakati, na uchukue risiti. Tafuta utrasaundi ya mrija. Wakikwambia tena kwamba maji ya mrija hayana shida, waulize wakuandikie hivo kwenye karatasi yenye sahihi, alafu upeleke kwa daktari mwengine. Ukishapata majibu ya utrasaundi niandikie kabla hujalipa chochote, ufiche jina, namba ya faili na kila kinachokutambulisha.